Bingwa kwa Shaba Tano

Hapo juzi, wala si kale, ilikuwepo nchi iitwayo Tutafika. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani waliamriwa waichore kubwa kuliko ilivyo, karatasi ikawashinda, wakaiacha nje. Ilikuwa nchi nzuri, ina katiba na wimbo, na ina mtu mmoja anayefikiri kwa niaba ya wengine wote ili wasichoke. Mtu huyo aliitwa Mtukufu Mlezi, na mwaka huo alikuwa anatimiza miaka thelathini ya kulea.

Hesabu katika Tutafika ilikuwa na sheria yake. Kujumlisha kulikuwa huru kwa kila raia. Kuzidisha kulihimizwa, hasa kwenye hotuba. Kugawanya ilikuwa kazi ya wakubwa, nao waliifanya milango ikiwa imefungwa. Lakini kutoa, yaani kuipunguza namba moja kwa nyingine, ilikuwa jinai mpaka uwe na kibali cha Wizara. Sheria hiyo ilipita mwaka wa baiskeli. Serikali ilikuwa imeunda baiskeli za pedali moja ili kubana matumizi, na karani mmoja akathubutu kuandika ni ngapi zilitoka kiwandani, ni ngapi zilinunuliwa, na ni ngapi zimebaki zikiota kutu ghalani. Baiskeli zile zipo mpaka leo. Karani yule hayupo. Wenye kusahau wamesahau kwa hiari yao.

Sasa katika nchi hiyo aliishi Zakwani Mtepa, Karani Mkuu wa Hesabu wa Kiwanda cha Taifa cha Mashine za Gemu. Kiti alichokalia kilikuwa cha Mzee Ng'wandu, na koti la Mzee Ng'wandu bado lilining'inia nyuma ya mlango, maana hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulitundua. Mzee huyo alichukuliwa saa nne asubuhi, wakati wa chai. Alikuwa amesema, bila ubaya wowote, kwamba walikuwa watu tisa, mmoja kaenda msalani, kwa hiyo vikombe nane vinatosha. Walikuja kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo Zakwani alijifunza kunywa chai kimya.

Kiwanda kilitengeneza mashine iitwayo Bingwa. Unaiunganisha na televisheni, unashika pedi yenye vitufe, unacheza. Kila Bingwa mmoja aligharimu shaba kumi na mbili kutengeneza. Siku ya kwanza aliuzwa shaba kumi. Msicheke. Hata huko nje, kwa wenye viwanda wenye akili, mashine huuzwa kwa hasara makusudi. Mtu akishaipeleka nyumbani hana budi kununua michezo ya kuchezea, na faida iko kwenye michezo. Bingwa alikuwa ndoano, michezo ndiyo samaki. Kila mchezo uliouzwa ulikiachia kiwanda shaba moja safi. Basi mwenye Bingwa akinunua michezo miwili, kiwanda kimerudisha chake. Akinunua wa tatu, kinapata faida. Mzee Ng'wandu ndiye aliyepanga hivyo, wakati bado ana kiti, na mpango ulikuwa mzuri.

Tatizo lilianza Mtukufu Mlezi alipopita dukani akaona foleni. Alipenda foleni tangu ujana wake. Akauliza ingekuwa ndefu kiasi gani kama bei ingekuwa shaba nane. Bei ikawa nane papo hapo, foleni ikazunguka soko mara mbili, redio ikaitangaza. Sasa kila mnunuzi alitakiwa anunue michezo minne ndipo kiwanda kisimame. Mwezi uliofuata, kwa furaha ya sikukuu ya kuzaliwa kwake, Mlezi akaishusha mpaka shaba tano. Sasa michezo ilitakiwa saba.

Na michezo iliyokuwepo nchini kote ilikuwa mitatu.

Mingine ilikwama kwenye Bodi ya Michezo Salama. Wa kwanza uliopita ulikuwa wa kukata utepe: unamwongoza Mlezi kutoka daraja hadi daraja, unabonyeza, utepe unakatika. Wa pili ulikuwa wa foleni, na mshindi ni yule asiyelalamika. Wa tatu ulikuwa mpira, Tutafika dhidi ya majirani, ila Bodi iliondoa kipa wa majirani kwa sababu za kiusalama. Mtu mzima akicheza yote mitatu alimaliza kabla ugali haujaiva, na hakurudia.

Watu walinunua Bingwa hata hivyo. Walinunua laki mbili. Maana iligunduliwa, na hakuna ajuaye nani aligundua kwanza, kwamba Bingwa akiwashwa bila mchezo hupata joto, na joto lake ni lile lile la tumbo la kuku anayeatamia. Ukifungua kifuniko ukapanga mayai kumi, ukafunika na kitambaa, siku ya ishirini na moja unasikia vifaranga wanalia humo ndani. Mashine ya kuangulia vifaranga iliuzwa shaba arobaini. Bingwa aliuzwa tano. Hata mjinga aliona, ndiyo maana wajinga wote waliona, wakabaki wenye shahada.

Pengo lilizibwa na Hazina. Hazina ilizibwa na mishahara ya walimu, kwa makato yaliyoitwa Mchango wa Furaha. Mwalimu alilipwa shaba saba kwa mwezi, na makato yalikuwa shaba saba. Huo ulikuwa mwezi wa tano wa makato.

*

Jumatano Waziri wa Viwanda na Burudani, Mheshimiwa Shebwana, alifika kiwandani akiwa na Kanali Mkole wa Ofisi ya Utulivu. Waziri alikaa juu ya meza ya Zakwani. Kanali alisimama, akalitazama koti nyuma ya mlango kama anayelijua.

Waziri alieleza kwamba Jumamosi uwanjani Mtukufu angesherehekea miaka thelathini, na zawadi yake kwa taifa ingekuwa kuishusha bei ya Bingwa mpaka shaba tatu. Kabla ya hapo angesoma mwenyewe, kwa sauti yake, Hati ya Faida. Zakwani ndiye wa kuiandika na kuitia sahihi, kwa kuwa sheria ilitaka mkono wa Karani Mkuu na si mwingine.

"Faida ya nini, Mheshimiwa?" Zakwani aliuliza polepole.

"Kijana, tumeuza ngapi?"

"Laki mbili."

"Tulipouza kwa kumi tuliuza ngapi?"

"Elfu nne."

"Sasa wewe unaona nini hapo?"

Zakwani aliona kwamba mtu anayechota maji kwa pakacha hasaidiki kwa kuchota haraka zaidi. Hakusema. Alisema anaona ongezeko.

Waziri alifurahi. Alifafanua nadharia yake, ambayo alikuwa ameitetea huko ng'ambo mbele ya maprofesa wawili, mmoja wao akiwa macho. Hasara, alisema, ni kitu cha mashine moja moja. Mashine zikiwa nyingi, hasara inaona aibu. Aliomba neno hilo la aibu liandikwe, kisha akaghairi, akasema liandikwe tu neno faida, na namba yoyote yenye sifuri za kutosha.

Alipotoka, Kanali alibaki nyuma kidogo. Alikuwa mtu wa sauti ndogo.

"Mzee Ng'wandu alinifundisha kuendesha baiskeli," alisema. "Ile ya pedali moja. Jumamosi nitakaa na wewe, bwana Zakwani. Nitakushika mkono. Namba ikisomwa vizuri, nitakuachia. Isiposomwa vizuri, gari liko nje."

*

Zakwani alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mkewe, Mwanakheri, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa barazani anageuza mayai ndani ya Bingwa kwa kijiko cha mbao. Vifaranga ndio waliokuwa wanalisha nyumba ile tangu mshahara wake uanze kuchangia furaha.

Zakwani alimweleza yote. Akiandika faida, siku uongo utakapobainika ni sahihi yake itakayotafutwa, si nadharia ya Waziri. Akiandika hasara, atakuwa ametoa bila kibali, na gari liko nje. Akikataa kuandika, gari haliendi mbali kumfuata.

"Na kibali, je?" Mwanakheri aliuliza.

Zakwani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hakikuwa kicheko cha kusikilizwa. Kibali alishakiomba mwezi uliopita. Fomu ilimtaka mwombaji aandike jibu analotarajia kupata baada ya kutoa. Asipoandika, fomu haijakamilika. Akiandika, amekwisha kutoa kabla ya kibali, na nyuma ya fomu palikuwa na nafasi ya alama za vidole.

Mwanakheri aligeuza yai moja, akalitazama kwenye mwanga.

"Baba Tunu, unajua mimi darasani nafanyaje? Ule ukurasa wa kutoa waliuchana kwenye vitabu. Lakini mtoto lazima ajue chenji yake dukani. Basi nawaambia, wanangu, hatutoi sisi. Tunapanda ngazi. Simama kwenye namba ndogo, panda mpaka kwenye kubwa, kila kipandio kidole kimoja. Ukifika juu, tazama vidole vyako."

"Huko si kutoa?"

"Ni kujumlisha. Mkaguzi alikuja akakaa nyuma, akasikiliza, akasifu. Hakuna mtoto wa nchi hii asiyepanda ngazi, na wazazi wamejifunza kwa watoto. Muulize muuza nyanya."

Zakwani akamuuliza kama angekuwepo uwanjani Jumamosi.

"Walimu wote tumeamriwa," alisema Mwanakheri. "Tumepangiwa upande wa jua."

*

Hati iliandikwa Ijumaa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani. Kanali Mkole alikuwepo, ila alisimama ameelekea ukutani, pua yake karibu na koti la Mzee Ng'wandu. Sheria ilimlazimu. Katika Tutafika waraka unaokwenda kwa Mtukufu haukusomwa na jicho jingine lolote kabla ya lake, tangu yule katibu wa mwaka wa ukame aliposoma hotuba mapema akacheka kabla ya mahali pa kuchekea. Yeye naye hayupo.

Zakwani aliandika mstari wa kwanza. Kalamu ilikwaruza. Aliandika wa pili.

"Neno faida lina herufi tano," Kanali alisema, bado ameelekea ukutani.

"Naandika na heshima zake, Kanali."

"Heshima zimekuwa ndefu."

Zakwani aliandika mstari wa tatu, na hapo akanyanyua kalamu. Aliitazama ile nafasi tupu iliyobaki chini. Namba iliyostahili kukaa hapo aliijua, ilikuwa imemkaa kooni miezi mitano. Hakuiandika. Pembeni yake aliandika tu: *Kibali cha kutoa hakijapatikana.* Akatia sahihi, akakunja karatasi, akamwaga nta, akagonga mhuri.

"Umemaliza?" Kanali aligeuka, akaichukua bahasha kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Aliipima uzito. Kisha, bila kumtazama Zakwani, alisema kitu ambacho hakikuwa cha kazi. Binti yake alikuwa mwalimu huko wilayani mpakani. Kila mwezi alimtumia unga. Mwezi huu alimtumia na chumvi.

Zakwani alisema chumvi nayo imepanda.

*

Uwanja ulijaa watu elfu sitini. Elfu hamsini walikuja kwa amri, na waliobaki walifuata soda. Walimu walikuwa upande wa jua kama walivyopangiwa, safu kwa safu, miavuli imepigwa marufuku. Zakwani alikaa nyuma ya jukwaa kuu, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa Kanali Mkole. Walikaa wameshikana kama maharusi wapya. Kidole gumba cha Kanali kilikuwa juu ya mshipa, na Zakwani alijua kwamba yule bwana anasoma mapigo ya moyo wake kama mtu anayesoma gazeti.

Bendi ilipiga. Waziri Shebwana alihutubia kwa saa moja na nusu juu ya aibu ya hasara. Alisema mataifa makubwa yanatuonea wivu, kwamba wao huuza mashine zao kwa woga, senti kwa senti, ilhali sisi tunashusha bei kwa ushujaa. Watu walipiga makofi kwa utaratibu: katika Tutafika ilikuwa desturi kwamba kila namba ikitajwa jukwaani hupigiwa makofi, iwe ya vifo au ya vijiko. Waziri alitaja namba nyingi.

Kisha Mtukufu Mlezi alisimama. Alikuwa amepungua, mabega ya sare yalibaki juu peke yake. Alikata nta kwa mkasi wa dhahabu, ule ule wa kukatia utepe. Kiganja cha Kanali kilikaza.

"Hati," alisoma Mtukufu, "ya Mashine ya Taifa, Bingwa. Bei ya kuuzia Bingwa mmoja. Shaba tano."

Makofi. Vigelegele upande wa akina mama wa Umoja, chama cha wanawake.

"Gharama ya kutengeneza Bingwa mmoja. Shaba kumi na mbili."

Makofi. Yalikuwa makubwa zaidi, maana namba ilikuwa kubwa zaidi. Waziri alianza kupiga, mikono yake ikagandia hewani. Alikuwa na shahada, lakini hakuwa mjinga kiasi hicho.

"Tofauti ya hizo mbili, kwa kila Bingwa," alisoma Mtukufu.

Akanyamaza. Macho yaliruka mstari wa kibali yakitafuta namba, kisha aliigeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akairudisha mbele, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kwa miaka thelathini hakuna karatasi iliyowahi kumwachia nafasi tupu. Uwanja mzima ulisikia pumzi yake kwenye kipaza sauti. Waziri alipiga hatua moja kuelekea kwake, walinzi wakamtazama, akairudisha.

"Ulifanya nini?" Kanali alinong'ona. Kucha zake ziliingia kwenye ngozi ya Zakwani. "Umeandika nini wewe?"

"Sijaandika, Kanali. Sina kibali."

Kanali alikwisha nyanyuka nusu, na Zakwani naye akanyanyuka kwa kuvutwa. Alilifikiria koti lake mwenyewe, alilolitundika asubuhi nyuma ya ule mlango wa ofisi, juu ya lile la Mzee Ng'wandu.

Lakini Mtukufu Mlezi hakuwa mtu wa kushindwa na karatasi. Alikuwa na jibu moja ambalo halikumwangusha tangu siku za mapambano, jibu la kuutupia umma swali. Aliinua fimbo yake na uso ukamng'aa.

"Wananchi," alisema. "Mimi nisiseme. Semeni wenyewe. Tano, mpaka kumi na mbili. Ni ngapi?"

Ilikuwa amri. Hakuna mtu katika Tutafika aliyewahi kukaidi amri ya Mtukufu, na siku hiyo hawakuanza.

Upande wa jua, safu ya tatu, mwanamke mmoja aliinua mkono wake juu na kunyoosha kidole. Zakwani alimtambua kwa kilemba. "Sita," alisema Mwanakheri, kwa sauti ile ya darasani isiyo na haraka. Walimu wa safu yake walinyoosha kidole cha pili: saba. Upande wa jua wote ukainuka: nane. Muuza nyanya alihesabu, askari wa bendi akaweka tarumbeta chini akahesabu. Tisa. Akina mama wa Umoja, waliolipwa ili wapige vigelegele, walihesabu midomo ikitembea. Kumi. Hapo watu wakaongeza mkono wa pili. Kumi na moja. Watu elfu sitini walipanda ngazi kipandio kwa kipandio, bila kelele, kwa heshima kabisa, kama walivyofundishwa na watoto wao.

Kumi na mbili.

Wakafika juu. Wakatazama vidole vyao.

Saba ni namba ndogo. Katika nchi nyingine isingetisha mtu. Lakini upande wa jua hakuna aliyehitaji kuelezwa saba ni nini. Walikuwa hawajaiona kwa miezi mitano, na sasa ilikuwa mbele ya nyuso zao, mkono mmoja mzima na vidole viwili. Kila Bingwa mmoja, saba. Kila nyumba yenye vifaranga, mshahara mmoja wa mwalimu umo ndani unaatamia mayai.

Mtukufu alisubiri makofi. Namba ilikuwa imetajwa, na desturi ni desturi. Hayakuja. Mikono ya watu elfu sitini ilikuwa hewani, ila ilikuwa na kazi nyingine. Alimgeukia Waziri, naye Waziri aliinamia viatu vyake. Walinzi walimgeukia Kanali Mkole, wakisubiri ishara, maana sheria ilikuwa wazi na wahalifu walikuwa wanaonekana.

Zakwani naye alimgeukia. Kanali alikuwa amesimama wima, uso umetulia, midomo inatikisika kidogo tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele ya kifua na vidole vitano vimenyooka vyote. Alivitazama vile vidole kwa muda. Kisha alitazama mkono wake wa kushoto, ulioshika mkono wa karani, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu chake.

Akauachia. Saba haihesabiki kwa mkono mmoja.